Kodi za Sikio

Jirani alipogonga mlango asubuhi ile, mke wa Sikio alijua kabla ya kufungua kwamba ni habari ya redio.

"Shemeji," jirani alisema, taulo begani, povu la sabuni bado shingoni, "hii redio mnaisikiliza wenyewe au mnatutangazia mtaa mzima?"

Mke hajafungua mdomo, Sikio akainua mkono kutoka mezani alipokuwa akinywa chai. "Salama kabisa! Karibu, karibu chai!"

Jirani alimtazama, akamtazama na mkewe, akaguna, akaenda zake. Mke akaipunguza redio. Alikwisha kuvaa gauni lake la kazi, lile lenye alama za kuungua mikononi, maana alikuwa akipiga pasi kwa dobi wa barabarani kuanzia asubuhi hadi jioni. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshaipandisha tena.

"Unanifanyia makusudi," alimwambia. Sikio hakuinua hata macho.

Kwa muda mrefu sasa alikuwa akiishi na mwanamume huyu kama anayeishi na gogo. Akimweleza kitu, anaitikia kwa kichwa, kisha baadaye anauliza kitu kile kile. Akimlaumu, anatabasamu. Yeye alishapata jibu lake: kuna mwanamke. Mwanamume hachoki kumsikia mkewe bure bure. Akichoka, ujue kuna sauti nyingine aliyoizoea. Kilichombakia ni kumjua tu huyo mwenzake ni nani.

Binti yao alikuwa mlangoni akifunga viatu. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na shule zilikuwa zimefungwa. Siku hiyo alikuwa anakwenda studio na babake kuitikia wimbo, kwa kuwa mmoja wa waitikiaji alikuwa ameugua koo.

"Mwangalie babako huko," mamake alimnong'oneza. "Uone anaongea na nani."

"Mama, jamani."

"Angalia tu."

Jina la Sikio hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanamuziki. Mwimbaji alikuwa akija na wimbo mdomoni tu, hana gitaa wala kinanda, na Sikio anafumba macho, anasikiliza, kisha vidole vinateremka vyenyewe kwenye kodi zinazotakiwa. Kodi ndivyo wapiga vinanda wanavyoziita zile sauti tatu nne zinazopigwa kwa pamoja ili wimbo upate mahali pa kukalia. Alipenda kutania kwamba yeye ndiye mpangaji pekee hapo mtaani anayelipa kodi kwa kodi, na mwenye nyumba alikuwa akicheka kila mara, ilimradi alipwe.


Studio ilikuwa nyuma ya duka la misumari na rangi. Vyumba viwili, kioo katikati: kimoja cha kuimbia, kimoja cha kompyuta. Kuta zilibandikwa vipande vya magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na joto nalo likakosa pa kutokea. Mwenyewe aliitwa Kipaza, kwa sababu alianza maisha kwa kukodisha vipaza sauti kwenye sherehe za watu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa kuongea, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele.

Mteja wa siku hiyo alikuwa Malkia. Wanawake wa rika lake walizijua nyimbo zake zote, na alikuja na waitikiaji wake wawili, wanawake watu wazima kama yeye. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kumlilia mamake, aliyekuwa amemzika majuzi tu.

"Huu sitaki uharakishwe," alimwambia Kipaza. "Sijali bei. Nataka mama akiusikia huko aliko, asinionee haya."

"Sikio yupo," Kipaza alisema. "Unaongea kama hunijui."

Umeme ukakatika kabla hata maiki hazijapangwa. Kipaza alitoka akawasha jenereta, iliyokaa nyuma ya ukuta karibu na dirisha. Mafuta yalitosha kompyuta na taa tu, feni hapana, kwa hiyo waimbaji wakafungua dirisha wapate hewa. Wakaimba mara moja bila ala, kompyuta ikirekodi, Malkia mbele, wale wawili na binti nyuma yake. Ulikuwa wimbo mzuri. Binti aliimba huku vinyweleo vya mikono vimemsimama.

Upande wa pili wa kioo, Sikio alisikiliza na kichwa ameinamisha. Wimbo ulipoisha alibonyeza kitufe cha kuongea nao. "Nimeuelewa. Nendeni mkanywe maji kidogo, mnipe nafasi niukalie."

Watu walizoea. Sikio akipanga kodi hataki mtu chumbani. Ndivyo walivyo mafundi. Hakuna aliyejua kwamba desturi hiyo ilikuwa mpya.

Masikioni mwake zilianza kupotea sauti nyembamba: ndege, kengele za baiskeli, vilio vya watoto wachanga. Kisha maneno ya watu yakaanza kumfikia yamekatwa vipande, na yeye akajifunza kuyaunga kwa kutazama midomo. Daktari mmoja alimpima akamwambia ni spika na hedifoni za miaka yote hiyo, na kilichoharibika hakirudi. Akamtajia mashine za kuvaa masikioni na bei yake. Sikio alimshukuru kwa adabu, akatoka, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Fundi viatu asiye na mikono bado anaweza kuuza viatu. Mpanga muziki asiyesikia atauza nini?

Kilichomwokoa ni plagini, kiprogramu cha kompyuta. Kipaza alikuwa ameinunua na kuifunga ndani ya ile programu ya kurekodia, kwa ajili ya vijana wanaojifunza. Unaipa sauti iliyorekodiwa, inaisikiliza, inaandika majina ya kodi kwenye skrini moja baada ya nyingine: A maina, D maina, E meja. Siku ya kwanza Sikio aliicheka mpaka akashika mbavu. Sasa alikuwa akiifungua kila anapobaki peke yake, na kuifunga kabla mlango haujafunguliwa. Jina la kodi likitokea pale, yeye aliisikia kichwani mwake, safi, kama zamani. Vidole vilijua vya kufanya. Nyimbo kadhaa zilikuwa zimetoka hivyo na watu wakazicheza.

Aliipa sauti za Malkia na wenzake, akasubiri.

Lakini plagini haijui mtu ni nani na mashine ni nani. Pale kwenye rekodi, chini ya zile sauti nne za wanawake, kulikuwa na jenereta ikivuma kupitia dirisha lililo wazi, mvumo mmoja mzito usiopanda wala kushuka. Mwenye masikio mazima angeugundua papo hapo na kusema fungeni dirisha turudie. Plagini iliuhesabu kama mwimbaji wa tano. Ikauchanganya na wengine na kuandika majina yake. Palipotakiwa E meja, ile kodi inayoubana moyo kabla ya kuuachia, ikaandika E maina, kodi iliyopoa. Ikafanya hivyo wimbo mzima, kila mahali Malkia alipokuwa akimwita mamake.

Sikio alishangaa kidogo. Kisha akajiambia kwamba kila msiba una namna yake, akavipeleka vidole palipoandikwa, akarekodi.


Waliporudi na kuvaa hedifoni, Malkia hakufika mbali. Alinyamaza katikati ya mstari.

"Kuna mtu ananivuta," alisema. "Tuanze tena."

Wakaanza tena. Binti alijua kabla hawajafika pale mahali. Aliisikia kodi ikiingia, akasikia jinsi sauti zao nne zilivyoigonga kama mtu aliyekosea mlango wa chumba. Akatazama kwenye kioo. Babake alikuwa akitikisa kichwa kwa mwendo wa wimbo, ameridhika, na alipoona binti anamtazama akamwinulia dole gumba.

Hapo ndipo alipoelewa. Hakuelewa yote, lakini redio, na jirani, na maswali yanayorudiwa, na mamake anayelalamika kila siku, vyote vilimjia kwa pamoja. Babake alikuwa hasikii kinanda chake mwenyewe.

Walipoanza mara nyingine, binti alifanya kitu alichodhani kitasaidia. Walipofika pale aliiteremsha sauti yake nusu hatua, akaifuata kodi ya babake, ili walau mmoja kati yao aende naye.

"Wewe mtoto!" Malkia aligeuka. "Unakwenda wapi?"

"Samahani, mama."

"Mimi namlilia mzazi wangu hapa, wewe unanichezea?"

Sikio hakuyasikia maneno, lakini aliona Malkia amemgeukia binti yake na kidole kimeinuliwa. Akabonyeza kitufe, na sauti yake ikawajia wote masikioni, kubwa kupita kiasi. "Binti! Umekuja kuimba au umekuja kuniaibisha? Nimekufundisha kitu gani miaka yote hii? Kama huwezi kushika sauti, toka, wapishe watu wafanye kazi!"

Wale waitikiaji wawili walitazama chini.

"Samahani, baba," binti alisema. Aliisema akiwa ametazama moja kwa moja kwenye kioo, taratibu, ili midomo yake ionekane.

"Haya. Tena!"

Mmoja wa waitikiaji alivua hedifoni yake. "Dada Malkia, tuimbe kwanza bila kinanda." Wakaimba bila kinanda, na sauti zikakaa, zote nne, bila mvutano. Wakaimba na kinanda, zikavunjika. Malkia alifungua mlango akaenda upande wa pili.

"Sikio, hicho kinanda kimepotea."

"Sijawahi kupoteza kodi, Malkia. Unanijua."

"Nakujua, ndiyo maana nakuambia." Akaangalia skrini. Katika ule mshituko Sikio alikuwa amesahau kuifunga plagini, na majina yalikuwa bado yamejipanga pale kama nguo kwenye kamba. "Na hii ni nini? Inakusomea?"

Kelele zilimleta Kipaza. Alichukua hedifoni, akarudisha rekodi mwanzo, akasikiliza kidogo tu. Akaivua.

"Jenereta imo humu tangu mwanzo," alisema. "Imejaa tele. Sikio, hukuisikia?"

"Niliisikia."

"Uliisikia ukaiacha?"

"Nilidhani… nilidhani mngeitaka." Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile alilompa mkewe kila siku.

Kipaza alitoka pale mbele yake kama anayekwenda kufunga mlango. Akasimama nyuma ya kiti. Akamwita, kwa sauti yake ile ya upole, jina alilopewa na wazazi. Akamwita tena. Malkia akaziba mdomo kwa mkono. Sikio aliendelea kuitazama skrini, na lile tabasamu bado usoni, kama mtu anayesubiri kuulizwa swali. Ni pale alipoinua macho na kuuona uso wa binti yake nyuma ya kioo, machozi yanamtiririka, ndipo alipogeuka na kumkuta Kipaza amesimama karibu kiasi kile.

"Nani mwingine anajua?" Kipaza aliuliza, akiwa sasa mbele yake.

Sikio aliinuka, akaisukuma stuli chini ya meza kwa utaratibu kama afanyavyo kila siku akimaliza kazi, akatoka nje.

Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, karibu na jenereta. Aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa ukitetemeka, na ndivyo alivyojua kwamba bado inafanya kazi.

Ndani, Malkia alikuwa anafungasha. Kipaza alimwomba avumilie kidogo. Akafunga dirisha mwenyewe, akamwita binti. "Babako alisema una sikio kama lake. Ni kweli, au ni maneno ya mzazi?"

Binti alifuta uso kwa mkono wa blauzi. Akakaa kwenye stuli ambayo bado ilikuwa na joto la babake, akaweka vidole kwenye kinanda, akapiga E meja.

"Hapo," Malkia alisema, na akaanza kulia. "Hapo hapo."


Jioni mke wa Sikio alisikiliza habari yote kutoka kwa binti huku amesimama na kapu la nguo kichwani. Halafu akalitua. Akaingia chumbani, mumewe amelala na viatu. Akamzunguka mpaka walipotazamana.

"Tangu lini?"

Akamwambia.

Mke alikaa kitandani akaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. "Muda wote huu mimi nanusa mashati yako. Namtafuta mwanamke! Nimemchukia hadi yule muuza maziwa, masikini ya Mungu, simsalimii!" Akampiga begani, si kwa nguvu, kisha akampiga tena kwa nguvu. "Afadhali ungekuwa na mwanamke. Mwanamke angekuchoka akakurudisha."

"Ningekuambia," Sikio alisema, "halafu?"

"Halafu ningejua! Ningejua kwamba hunidharau!"

Alikuwa ameyaona maneno yote. Alimshika mkono wake wenye alama za pasi, naye akamwachia aushike, ingawa uso aliugeuzia ukutani.


Kipaza alifika siku chache baadaye na mfuko wa sukari. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayekuja kuposa.

"Shemeji, mimi sikumfukuza mtu," alianza, akimtazama mke. "Lakini Malkia ana mdomo. Wateja wawili wameshanipigia wananiuliza kama ni kweli muziki wangu unapangwa na kiziwi. Nifanyeje?"

"Zungumza na mwenyewe. Yuko hapo."

Kipaza alimgeukia Sikio na kupanua mdomo kwa kila neno, kama anayeongea na mtoto mchanga. "NA-M-TA-KA BIN-TI."

"Sema kawaida," Sikio alisema. "Ukitafuna hivyo ndio sioni kitu."

Kipaza akainamisha macho. Akasema kawaida. Binti aje akae kwenye kinanda. Ile plagini ataitumia iharakishe kazi, na inapokosea atairekebisha kwa masikio yake. Malipo yatakuwa yale yale ya baba, pungufu kidogo, kwa kuwa ndiyo anaanza.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu," Sikio alisema.

"Najua, ndugu yangu."

"Basi kama unajua, umekuja kufanya nini nyumbani kwangu?" Akasimama. "Beba sukari yako."

Hakuna aliyeinuka. Sikio alimtazama mkewe, akimsubiri naye aseme hapana. Mkewe alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe mapajani.

"Sema kitu," alimwambia.

"Nikisema utanisikia?" mke alijibu, na papo hapo akajuta, akaweka mkono kifuani. Kisha akaendelea polepole, uso umeinuka, ili asilazimike kurudia. "Mimi pasi yangu inatulisha, haitulazi. Mwenye nyumba ameshapita leo, na safari hii hakucheka. Nipe wewe la kusema, nitalisema."

Sikio alikaa chini.

"Muhula mmoja tu," mke alimwambia Kipaza. "Umesikia? Mmoja, halafu anarudi darasani."

"Mmoja, shemeji," Kipaza alisema haraka mno.

Binti alikuwa jikoni akiosha vyombo na alikuwa amesikia kila kitu, maana nyumba ilikuwa ndogo na masikio yake mazuri. Hakuna aliyemwita kumwuliza.

Usiku na mchana wa Jumapili babake alimfundisha. Kwenye meza ya chakula alichora kinanda kwa chaki, akamwonyesha jinsi ya kuipa plagini sauti safi, jinsi ya kuondoa mivumo ya chini kabla ya kuiuliza, na mahali inapopenda kudanganya. "Usiiamini, usiidharau," alisema. "Ikikuandikia kitu, kipige, halafu fumba macho. Kama mwili unakataa, mwili ndio wa kuusikiliza." Alifundisha vizuri kuliko alivyowahi kufundisha. Mkewe, akiwatazama kutoka mlangoni, alifikiri kwamba hajamwona akiongea kwa urefu hivyo tangu mtoto huyu akiwa mgongoni.


Jumatatu wanafunzi walipita barabarani na sare zao. Binti alikuwa amevaa gauni la kawaida. Aliinama kwenye bomba la uani akisuuza vikombe, na babake akatoka akasimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Siku ile," alisema, na kama kawaida yake siku hizi sauti ilitoka kubwa, jirani wa taulo akageuza shingo. "Siku ile nilikufokea mbele ya watu, na wewe ulikuwa unanifuata mimi. Mamako ameniambia. Hata Malkia amesema. Mwanangu, nisamehe."

Binti hakugeuka. Maji yaliendelea kumwagika juu ya mikono yake.

"Mimi nilitaka kuwa nesi, baba," alisema. "Hata hamkuniuliza."

"Eh?"

Akafunga bomba. Akajipangusa mikono kwenye gauni, akageuka mpaka uso wake ukaelekea kwenye mwanga, akatamka neno kwa neno. "Nasema, leo nitachelewa kurudi."

Sikio aliitazama midomo yake mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, amefarijika.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nenda. Ukawasikilize vizuri."